Mpira wa Mkojo Usio na Tarehe

Nazungumzia mpira wa mkojo, ule anaowekewa mtu ambaye kibofu chake hakiwezi tena kujitoa mkojo chenyewe, na hasa mpira unaokaa mwilini kwa miezi na miaka. Wanaoishi nao ni wengi katika nchi zetu: mzee ambaye tezi dume imemziba njia na anasubiri upasuaji, kijana wa bodaboda aliyevunjika uti wa mgongo, mkwezi aliyeanguka kutoka juu ya mnazi, mama aliyepooza kwa kiharusi, mtu ambaye njia yake ya mkojo imebanwa na kovu. Hatuwaoni kwa sababu wengi wao wamejifungia ndani. Tukisikia habari zao, mara nyingi ni habari za msiba: fulani aliwekewa mpira, akaugua, akafariki. Ndiyo maana watu wengi huamini kwamba mpira wenyewe ndio unaoua, na kwamba aliyewekewa ameshaanza safari ya mwisho. Nataka kuipinga imani hiyo. Kinachowadhuru wengi wa watu hawa ni mpira uliowekwa kisha ukasahauliwa, mpira usio na tarehe ya kubadilishwa, usio na sababu iliyoandikwa, usio na mtu nyumbani aliyefundishwa kuutunza. Hospitali huihesabu kazi kuwa imekwisha siku mgonjwa anaporuhusiwa, kumbe siku hiyo ndiyo kazi inapoanza.

Kifaa chenyewe si kigumu kukielewa, na kila anayeishi nacho ana haki ya kuelezwa. Ni mrija laini wenye njia mbili ndani yake. Njia kubwa hupitisha mkojo kutoka kwenye kibofu hadi kwenye mfuko. Njia ndogo hupitisha maji safi, kwa kawaida mililita 10, yanayojaza puto dogo lililo karibu na ncha. Puto likishajaa ndani ya kibofu, mpira hauchomoki. Wauguzi wetu hadi leo huuita Foley, kwa jina la Frederic Foley, daktari bingwa wa njia ya mkojo wa Minnesota, Marekani, ambaye aliutangaza mpira wa namna hii katika miaka ya 1930. Ukubwa wake hupimwa kwa namba, na kila namba moja ni theluthi ya milimita ya kipenyo, kwa hiyo namba 16 ina upana wa milimita 5 na kidogo. Nayaeleza haya kwa makusudi. Mtu anayejua kuwa ndani yake kuna puto lililojaa maji hatauvuta mpira kwa nguvu usiku anapochoshwa nao, wala ndugu yake hatauvuta kwa kumhurumia. Puto likivutwa likiwa limejaa huchana njia ya mkojo, na kovu la jeraha hilo laweza kuibana njia hiyo maisha yote. Wanaofika hospitalini wakivuja damu kwa sababu hiyo si wajinga. Walinyimwa sentensi mbili za maelezo siku ya kuruhusiwa.

Tuje kwenye linaloogopwa zaidi, yaani maambukizi. Hapa ukweli una pande mbili, na watu wengi huushika upande mmoja tu. Ni kweli kwamba mpira hufungua njia ya bakteria. Katika kila siku moja ya kukaa na mpira, uwezekano wa bakteria kuingia kwenye mkojo ni kiasi cha asilimia 3 hadi 7, na mwezi mmoja ukitimia karibu kila mwenye mpira huwa na bakteria kwenye mkojo wake. Lakini kuwa nao si kuugua. Wengi hukaa nao miezi mingi bila homa wala maumivu, na miongozo ya kitabibu duniani inakataza kuwapa antibiotiki watu hao maadamu hawana dalili. Huku kwetu mambo huenda kinyume. Mkojo ukionekana una ukungu au ukitoa harufu, ndugu anakimbilia duka la dawa. Au kituo kinachukua mkojo kutoka kwenye mfuko, kinaupima, kinasema ana UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, na mgonjwa anapewa vidonge. Wiki tatu baadaye hadithi inarudi ileile, safari hii kwa dawa kali zaidi. Sababu ni kwamba bakteria hujishikiza kwenye kuta za mpira na kujijengea utando unaonata, na chini ya utando huo dawa haiwafikii vizuri. Dawa huua wale wanaoelea kwenye mkojo, waliojificha wanabaki, na wanaobaki ndio wenye usugu. Ukirudia hivyo mara nne au tano kwa mwaka, siku homa ya kweli itakapokuja huenda kusiwe na kidonge kitakachofanya kazi.

Kwa hiyo swali la kumuuliza mwenye mpira si kama mkojo wake unanuka. Muulize kama ana homa, kama anatetemeka kwa baridi, kama ana maumivu mapya ubavuni au chini ya kitovu, kama ameanza ghafla kuchanganyikiwa huku mwili ukiwa dhaifu. Akiwa na dalili hizo, huyo ni mgonjwa wa kupelekwa hospitali upesi. Na hata hapo, kama mpira umekaa wiki mbili au zaidi, unatakiwa kwanza kutolewa pamoja na utando wake, uwekwe mpya, na mkojo wa kupima uchukuliwe kutoka kwenye ule mpya. Kuupima mkojo uliolala kwenye mfuko ni kuupima mfuko.

Ipo hatari nyingine isiyotajwa sana, na kwa maoni yangu ndiyo inayoonyesha wazi kwa nini tarehe ni jambo kubwa. Baadhi ya bakteria, hasa aina iitwayo Proteus, huivunja urea iliyomo kwenye mkojo na kutoa amonia. Mkojo hugeuka, chumvi zilizokuwa zimeyeyuka ndani yake huganda, na ukoko mgumu hujengeka ndani na nje ya mpira kama ule unaobaki ndani ya birika linalochemshiwa maji ya kisima chenye chumvi. Siku kwa siku njia inapungua, mwisho inaziba. Mkojo unarudi nyuma, kibofu kinatanuka, figo zinapata shinikizo, bakteria wanaingia kwenye damu. Ukoko ukijengeka juu ya puto, hata kuutoa mpira kunakuwa shida, na kipande kikibaki ndani huwa kiini cha jiwe la kibofu. Kwa mtu aliyevunjika uti wa mgongo usawa wa kifua cha juu au shingoni, mpira ulioziba ni dharura ya dakika, si ya siku. Presha yake hupanda ghafla, kichwa kinamgonga, uso unaiva na kutoka jasho, naye anaweza kupata kiharusi wakati waliomzunguka wanadhani ni malaria. Jambo la kwanza la kufanya ni kumkalisha wima na kuangalia kama mpira umejikunja au umeziba. Hakuna hata moja la haya lililosababishwa na raba peke yake. Limesababishwa na raba iliyoachwa kupita muda wake.

Historia inaliunga mkono jambo hili. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, askari aliyepigwa risasi ya uti wa mgongo alihesabiwa kuwa amekwisha. Wengi walikufa kwa maambukizi ya njia ya mkojo na vidonda vya kulalia, si kwa risasi. Mwezi Februari 1944, daktari Ludwig Guttmann, Myahudi aliyekimbia Ujerumani ya Wanazi, alipewa wodi ya majeruhi kama hao katika hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza. Alichobadilisha kwanza ni utaratibu. Wagonjwa waligeuzwa usiku na mchana kwa saa zilizopangwa, na kibofu cha kila mmoja kilishughulikiwa kwa usafi mkali na kwa ratiba, badala ya kuachiwa bahati. Watu waliotarajiwa kufa wakaishi, wakafundishwa kazi, na mwaka 1948 kundi lao dogo likashindana kulenga mishale katika viwanja vya hospitali hiyo, michezo iliyokuja kukua na kuwa Paralimpiki. Ni kweli kwamba penisilini nayo ilikuwa imeanza kupatikana wakati huo na ilisaidia. Lakini penisilini haimgeuzi mgonjwa kitandani, wala haimhesabii mtu siku za mpira wake.

Atakuwepo anayeniambia: hayo ni ya Ulaya, sisi ni maskini, mtu hana nauli ya kwenda hospitali ya wilaya achilia mbali fedha ya mpira mpya. Pingamizi hili nalichukua kwa uzito, kwa sababu ni la kweli katika nyumba nyingi. Hata hivyo tupige hesabu. Mpira wa kawaida wa lateksi hautakiwi kuzidi wiki 4. Mpira wa silikoni unaweza kukaa hadi wiki 12 kwa mtu ambaye mpira wake hauzibi mapema. Wa lateksi basi utabadilishwa kama mara 13 kwa mwaka, wa silikoni kama mara 4 au 5. Wa silikoni una bei kubwa zaidi dukani, na kwa hiyo familia huchagua ule wa bei nafuu. Lakini ukijumlisha nauli za mgonjwa na msindikizaji kwa safari 13, siku za kazi zilizopotea, na malipo ya kumwona mhudumu kila mara, ule wa bei nafuu mara nyingi ndio unaokula fedha nyingi zaidi. Familia haiwezi kuifanya hesabu hii kama hakuna aliyeiambia kwamba mipira iko ya aina zaidi ya moja. Na gharama ya mpira uliosahauliwa, yaani kulazwa wiki mbili kwa sumu ya damu, au kupasuliwa jiwe, au kusafishwa damu kwa mashine baada ya figo kuharibika, haina ulinganisho na gharama ya kubadilisha mpira wowote kati ya hiyo. Umaskini ni sababu ya kuhesabu siku kwa makini zaidi.

Hapo hapo serikali hazina pa kukwepa. Sera ya Tanzania inawasamehe gharama za matibabu wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo, na wagonjwa wengi wa tezi dume wamo humo. Lakini msamaha unaompa mzee daktari bure kisha ukamtuma akanunue mpira na mfuko mwenyewe dukani ni nusu ya msamaha. Tanzania imepitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, na Kenya imehamia kwenye Mamlaka ya Afya ya Jamii tangu Oktoba 2024. Wanaopanga mafungu ya huduma wautaje mpira wa mkojo, mfuko wake na ubadilishaji wake kwa jina, na waitaje zahanati kuwa mahali pa kubadilishia. Muuguzi aliyefunzwa anaweza kuifanya kazi hiyo kwa muda mfupi. Hakuna sababu ya kitabibu ya kumsafirisha mtu aliyepooza kilomita 80 kwa kazi hiyo, isipokuwa pale ambapo njia yake ina kovu au imekuwa ikivuja damu.

Wengine husema matunzo ya mpira ni ya wataalamu, familia isiguse. Naelewa wanachokiogopa, ila wanasahau muda. Mtaalamu yuko na mpira huo kwa dakika chache kwa mwezi. Saa zote zilizobaki uko nyumbani, na mtu wa nyumbani ndiye anayeamua kama utadumu. Kazi yenyewe anaiweza. Mikono inaoshwa kwa sabuni kabla na baada ya kugusa. Sehemu mpira unapoingilia inaoshwa kila siku kwa maji na sabuni ya kawaida. Dawa kali za kuua vijidudu hazihitajiki na huunguza ngozi. Mfuko unakaa chini ya usawa wa kibofu wakati wote, hata kwenye kiti cha magurudumu, hata kwenye daladala, bila kugusa sakafu, na unamwagwa kabla haujajaa ili uzito wake usivute. Mpira unafungwa pajani. Kiungo cha mpira na mfuko hakifunguliwifunguliwi ovyo, kwa maana kila kinapofunguliwa bakteria wanapata mlango. Na maji yanywewe. Hili la maji lina huzuni yake, kwa kuwa wagonjwa wengi hujinyima maji ili wasimsumbue binti au mkwe anayemwaga mfuko. Mkojo mzito ndio unaoganda upesi, na mtu asiyekunywa hufunga choo, choo kigumu kikaubana mpira kwa ndani. Ndugu anayemhudumia amwambie kwa kinywa chake: kunywa baba, kumwaga mfuko si kazi.

Nimesema mpira uwe na tarehe, na pia uwe na sababu, kwa kuwa ipo mipira isiyostahili kuwepo hata kidogo. Mzee aliyezibwa mkojo ghafla kwa tezi dume, akiwekewa mpira na kuanzishiwa dawa za kulegeza shingo ya kibofu, anaweza kujaribiwa kutolewa mpira huo baada ya siku chache, na si wachache wanaokojoa tena wenyewe. Asipojaribiwa, anakaa na mpira hadi siku ya upasuaji ambayo yaweza kuwa mbali. Mgonjwa wa kiharusi aliyewekewa ili tu shuka zisilowe anabeba hatari ambayo nepi za watu wazima zingemwepushia. Na kwa mwenye mikono inayofanya kazi, hata kama miguu imepooza, iko njia ya kujitoa mkojo mwenyewe kwa mrija mwembamba mara 4 hadi 6 kwa siku na kuuondoa baada ya hapo. Mwaka 1972 daktari Jack Lapides wa Michigan alionyesha kuwa usafi wa kawaida, yaani mikono na mrija vilivyooshwa vizuri, unatosha kwa njia hii, na kwamba kuruhusu kibofu kitanuke kupita kiasi ndiko kunakoleta madhara makubwa. Wengi waliovunjika uti wa mgongo wangeweza kuifuata wakifundishwa. Wapo wasioiweza, kwa mikono dhaifu au njia iliyoziba, na wapo wanaofaa zaidi mpira wa tumboni, unaopitishwa kwenye kitundu kidogo juu ya mfupa wa kinena. Hao waendelee na mpira bila kuonewa. Ila iwe ni baada ya mtu kuuliza, na jibu liandikwe kwenye cheti.

Inabaki aibu, ambayo inawafungia watu ndani kuliko ugonjwa. Mwislamu anayeacha kwenda msikitini kwa kuona mwili wake hautahiriki ana jibu ndani ya fiqhi yenyewe, yaani elimu ya sheria za dini yake. Mlango wa mtu anayetokwa na mkojo mfululizo ni wa zamani sana: katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya wengi katika mwambao wetu, mwenye udhuru huo hutia udhu baada ya wakati wa sala kuingia, kisha akasali, na kinachomtoka bila hiari yake hakimharibii sala. Namna ya kuutendea mfuko na suala la kuingia msikitini amuulize sheikh wake, lakini asijihukumu mwenyewe chumbani. Mkristo aliyekihama kiti chake kanisani naye hana amri iliyomfukuza. Mfuko wa mguuni hukaa chini ya suruali au kanga bila kuonekana. Kuhusu tendo la ndoa, watu hunyamaza kabisa na kudhani limekwisha. Halijakwisha. Mwanamke anaweza kuubandika mpira kando ya tumbo au paja. Mwanamume anaweza kuukunja kandokando na kuvaa kondomu juu yake. Mpira wa tumboni hurahisisha zaidi. Daktari anayemruhusu mtu wa miaka 35 na mpira bila kugusia jambo hili amemwachia mzigo wa ndoa yake peke yake.

Ninachodai, basi, kinaingia kwenye karatasi moja: aina na namba ya mpira, siku ulipowekwa, siku utakapobadilishwa, kwa nini umewekwa, lini utafikiriwa kutolewa, na simu ya wodi ya kupiga mkojo usipotoka. Hospitali yoyote inaweza kuiandika, hata kwa kalamu ya wino. Wewe msikilizaji, kama nyumbani kwako yuko mwenye mpira, muulize leo uliwekwa tarehe ngapi. Kama hakuna anayekumbuka, mpelekeni kituo cha afya wiki hii, hata kama hana homa. Na kama chini ya kitovu pamejaa na kuuma na mfuko umekaa mtupu kwa saa chache, msingoje asubuhi.